Kabla ya Kuuza Mzigo: Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Mgonjwa wa Kongosho

(Mazungumzo kwa wafanyabiashara na wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani)



Mmezoea kutuona tukija kuzungumzia mizani iliyochezewa, bidhaa bandia na risiti zisizotolewa. Leo tumekuja na jambo lisilotoka dukani, ingawa mara nyingi huishia dukani. Tumekuja kuzungumzia ununuzi ambao familia huufanya bila kulinganisha bei, bila kuuliza masharti, na pengine saa nane za usiku katika korido ya hospitali: ununuzi wa upasuaji. Mtu anayeweza kushindana nusu saa juu ya bei ya jora moja la kitenge hunyamaza kimya anapotajiwa gharama ya kumpasua mama yake. Hatumlaumu. Hofu hufunga kinywa. Lakini tumeona ni wajibu wetu kusema yale ambayo mtu aliyeshikwa na hofu hana nafasi ya kuyatafuta.

Tumechagua ugonjwa mmoja tu, uvimbe mkali wa ghafla wa kongosho, kwa sababu ndani ya ugonjwa huu haraka ya ndugu inaweza kumdhuru mgonjwa na kumfilisi kwa wakati mmoja.

Wengi wetu jina la kongosho tumelisikia katika habari za kisukari. Ni kiungo laini, chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Hutoa insulini, ambayo hudhibiti sukari ya damu. Na hutoa pia maji makali ya kumeng'enya chakula. Maji hayo yameumbwa yaanze kazi yakishafika kwenye utumbo. Yakianza kazi yangali ndani ya kongosho, kiungo hujimeng'enya chenyewe, kikavimba, na katika hali mbaya sehemu yake hufa. Visababishi vikubwa ni viwili: mawe yatokayo kwenye mfuko wa nyongo na kuziba njia ambayo nyongo na maji ya kongosho hupitia, na unywaji wa pombe nyingi kwa muda mrefu. Vipo vingine, kama mafuta kuzidi mno katika damu na baadhi ya dawa. Si kila mgonjwa wa kongosho ni mlevi, na tunawaomba wakwe na majirani walizingatie hilo kabla ya kutoa hukumu wodini.

Dalili yake ni maumivu makali yaanzayo ghafla chini ya chembe cha moyo, yakapenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Mgonjwa hupata nafuu kidogo akiinama mbele. Hapa mjini maumivu ya chembe yana jina moja tu, vidonda vya tumbo, na dawa yake hununuliwa dirishani bila mtu kupimwa. Maumivu ya namna tuliyoeleza si ya kununuliwa dawa dirishani. Kutoka soko hili hadi Mnazi Mmoja au Amana si mbali, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga hapo. Huko mgonjwa hupimwa damu kutafuta kimeng'enyo kiitwacho lipasi. Kikifika mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na maumivu yakawa ya aina hiyo, ugonjwa umejulikana. Kwa kwenda hospitali, kimbieni. Tunayoyasema kuanzia hapa yanahusu kilichopo baada ya mlango wa hospitali.

Wagonjwa wapatao wanne katika kila watano huugua kwa wepesi. Hupewa maji ya mshipani na dawa za maumivu, huanza kula mapema kadiri wawezavyo, na ndani ya wiki moja hivi wengi huwa nyumbani. Hao hawahitaji kupasuliwa kongosho. Mazungumzo haya yanamhusu yule wa tano.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama mmoja auzaye vitenge katika mtaa wa Kongo. Kodi ya fremu ameilipa kwa miezi sita, mzigo mwingine uko njiani, na nusu ya mtaji ni wa kikoba. Siku ya tatu wodini anapumua kwa shida na mkojo umepungua. Anahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siku ya kumi yu hai, hali imetulia, lakini homa inapanda na kushuka. Picha ya siti skani inaonyesha sehemu ya kongosho imekufa na maji yamejaa kuizunguka. Kaka zake wanakutana nje ya geti. Mmoja anasema: mbona hawampasui? Mwingine anaye mtu anayemfahamu, ambaye anajua mahali pengine wanakopasua kwa matundu madogo, kesho tu, fedha ikiwepo. Wa tatu ameshaanza kupigia simu wanunuzi wa mzigo kwa bei ya kutupa.

Basi hapo ndipo tunapotaka tusimame nanyi kidogo.

Zamani madaktari nao walifikiri kama kaka hao. Walifungua tumbo mapema wakaondoa nyama iliyokufa kabla haijaleta madhara. Wagonjwa wengi walikufa mikononi mwao. Katika siku za mwanzo nyama iliyokufa haijajitenga na iliyo hai. Ni kama kujaribu kumenya embe bichi kwa vidole. Daktari akiivuta, huondoka na kipande kizima na mshipa wa damu. Ikiachwa, mwili hujenga ukuta kuizunguka, na kazi hiyo huchukua takriban wiki nne. Baada ya hapo kilichokufa huwa kimekusanyika ndani ya mfuko wenye kingo, na mfuko unaweza kutobolewa kwa usalama zaidi. Kwa hiyo daktari anayemwambia ndugu "tunasubiri" anafanya kazi. Anampa mgonjwa maji, anamlisha kwa mdomo au kwa mpira wa puani, anaangalia figo na mapafu, anatafuta vijidudu katika damu, na anahesabu wiki. Siku hizo mnazolipia kitanda ni sehemu ya matibabu.

Si maneno ya kufariji tu haya. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 88 ambao kongosho lao lilikuwa na sehemu iliyokufa, ikishukiwa au kuthibitishwa kuwa imeingiwa na vijidudu. Nusu walipasuliwa tumbo wazi. Nusu walitibiwa hatua kwa hatua: kwanza mrija wa kutoa usaha, na ikishindikana ndipo upasuaji wa tundu dogo. Waliopatwa na madhara makubwa au kifo walikuwa asilimia 69 katika kundi la kupasuliwa wazi, na asilimia 40 katika kundi la hatua kwa hatua. Idadi ya vifo vyenyewe haikutofautiana sana baina ya makundi, na tusiwafiche hilo. Ugonjwa huu ni mzito kwa njia yoyote. Lakini waliobaki hai walibaki tofauti. Ngiri kwenye kovu iliwapata asilimia 24 ya waliopasuliwa wazi, na asilimia 7 ya wenzao. Kisukari kipya kiliwapata asilimia 38, dhidi ya asilimia 16. Na jambo linalofaa kuandikwa ukutani ni hili: asilimia 35 ya wale wa hatua kwa hatua walipona kwa mrija peke yake, wasifanyiwe upasuaji wowote baada yake.

Mwaka 2021 Waholanzi wakaja na swali la kaka yetu wa kwanza: je, vijidudu vikishaingia, mrija uwekwe mara moja, au isubiriwe mpaka ukuta ukomae huku mgonjwa akipewa dawa za kuua vijidudu? Walifuatilia wagonjwa 104. Kuharakisha hakukuwa na faida. Na miongoni mwa waliosubirishwa, asilimia 39 walipona kwa dawa hizo tu, bila hata kutobolewa. Watu hao wangewekewa mrija wasiouhitaji, na wangeulipia.

Hatusemi kwamba kusubiri ni kuzuri daima. Yapo mambo yanayovunja subira: damu inayovuja ndani, utumbo uliotoboka, shinikizo la tumbo linalobana viungo vingine, homa na presha ya kushuka visivyotii dawa. Jiwe likiziba njia ya nyongo na kuleta homa na macho ya njano, hilo huondolewa upesi, kwa mpira wa kamera upitishwao mdomoni. Daktari akitaja mojawapo ya hayo, msimwambie kwamba mlisikia Kariakoo kwamba wiki nne hazijatimia.

Sasa matundu yenyewe. Maneno "matundu madogo" yamekuwa kama chapa ya biashara; husikika redioni na kuonekana kwenye mabango, na mtu hudhani ni kitu kimoja. Kwa mgonjwa wa kongosho ni njia kadhaa zisizofanana, na hufanywa na mabingwa tofauti.

Ya kwanza ni mrija upitishwao ubavuni, mara nyingi wa kushoto, daktari akiongozwa na picha ya altrasaundi au siti skani. Mgonjwa hupigwa ganzi ya mahali, wala hahitaji nusu kaputi. Huu ni mlango wa kawaida, na hapa tuna habari njema ya nyumbani. Kazi ya kutibu kwa kuongozwa na picha, ambayo hospitalini huitwa tiba radiolojia, haikuwa na mafunzo nchini kwetu hadi mwaka 2018, timu za wakufunzi zilipoanza kuja Muhimbili kwa zamu, kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani na kwingineko. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada yake, na Watanzania wakahitimu. Kutoa usaha kwa mrija ni miongoni mwa kazi za kila siku za mabingwa hao. Kwa hiyo ndugu akiambiwa kwamba kwa mrija kama huo lazima mgonjwa apandishwe ndege, aulize kwanza Upanga.

Ya pili hupitia mdomoni. Mpira wenye kamera hushushwa hadi tumboni, ukuta wa tumbo la chakula hutobolewa pale unapogusana na mfuko wa usaha, na kijimrija huwekwa ili uchafu uingie tumboni na kutoka kwa njia ya asili. Ikihitajika, mpira huingizwa tena siku nyingine kuokota nyama iliyokufa. Ngozi haikatwi kabisa. Katika utafiti mwingine wa Uholanzi, wa wagonjwa 98, njia hii haikuwazidi wale wa ubavuni kwa kuepusha madhara makubwa au kifo. Lakini kuvuja kwa maji ya kongosho kupitia ngozi kuliwapata asilimia 5 tu, dhidi ya asilimia 32 kwa njia ya ubavuni. Njia hii hudai vifaa na ujuzi ambao si kila hospitali inao, na mfuko uwe umekaa karibu na tumbo la chakula.

Ya tatu hufuata njia ya mrija wa kwanza. Ubavuni hukatwa sentimita tano hivi, kamera huingizwa, na nyama iliyolegea hutolewa kidogo kidogo. Ipo pia ile ya matundu machache kupitia tumboni kwa mbele, ambayo wengi wenu mnaijua kwa habari za kuondoa mfuko wa nyongo.

Njia gani humfaa mgonjwa wenu hutegemea mfuko umekaa wapi na hospitali ina nani. Jibu hilo hutolewa na madaktari kadhaa walioketi pamoja, wa upasuaji, wa picha na wa mfumo wa chakula. Mahali ambapo mtu mmoja anauza njia moja kwa kila mgonjwa, jihadharini.

Tuje kwenye fedha, ambako ofisi yetu ina la kusema zaidi.

Bei mnayotajiwa ya tundu la kwanza mara chache huwa bei ya safari nzima. Mrija huziba, hubadilishwa kwa mkubwa zaidi, huongezwa wa pili. Kuokota nyama kwa kamera huweza kurudiwa mara mbili, tatu au zaidi. Kila hatua inaweza kuwa na siti skani yake. Humo mna damu ya kuongezewa, dawa za kuua vijidudu, na siku za chumba cha mahututi ambazo hakuna ajuaye idadi yake. Kwa hiyo swali "ni shilingi ngapi?" halitoshi. Ulizeni: bei hii inaishia wapi? Ikirudiwa, tunalipa upya au nusu? Kitanda kwa siku ni kiasi gani, wodini na kwa mahututi? Vipimo vimo? Na muombe majibu kwa maandishi. Hospitali yenye utaratibu haikasiriki kuombwa makadirio.

Yule mama wa vitenge ana wiki mbili na zaidi za kusubiri ikiwa hali yake imetulia. Kwa kaka zake, wiki hizo ni nafasi. Mzigo hauuzwi usiku mmoja kwa bei ya kutupa; kikoba huarifiwa; mwenye fremu husemeshwa. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya au ya kampuni binafsi apeleke swali mapema: je, huduma hii imo, na inahitaji kibali cha awali? Asiye na bima wala uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma, ambayo ndiyo hupokea maombi ya msamaha. Aende mapema, kabla deni halijawa mlima.

Fedha ilipwe kwa hospitali. Katika hospitali za umma malipo huenda kwa namba ya kumbukumbu, na risiti hutoka. Mtu yeyote, hata awe amevaa koti jeupe, akiwapa namba yake ya simu mumtumie ya "kuharakisha", mmekwisha kuibiwa, na pengine mnamharakishia mgonjwa jambo ambalo halikupaswa kuharakishwa. Mawakala wa matibabu ya nje nao waulizwe wanalipwa na nani. Wapo wanaosaidia kwa dhati. Lakini wakala anayelipwa na hospitali kwa kila kichwa ana sababu ya kumwona kila mgonjwa kuwa ni msafiri. Mgonjwa anayehitaji oksijeni na figo zake zinayumba kupandishwa ndege ni hatari inayopimwa na daktari, si na muuza tiketi.

Katika mitaa hii hii zinauzwa pia chupa za "kusafisha kongosho" na "kuyeyusha mawe ya nyongo kwa siku saba". Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili waganga na dawa. Muuzaji aonyeshe usajili. Hata akiuonyesha, mgonjwa mwenye maumivu tuliyoyaeleza asinyweshwe kitu barabarani. Na tangazo la uongo juu ya huduma, iwe ya chupa au ya chumba cha upasuaji, linakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lipigeni picha, tunzeni risiti, leteni. Lalamiko juu ya mwenendo wa daktari mwenyewe hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kabla hatujawaruhusu, mambo mawili ya siku ya kutoka hospitali, kwa sababu furaha ya kurudi nyumbani husahaulisha. La kwanza ni kile kijimrija cha ndani. Kikiwa cha chuma hakikai milele; kwa kawaida hupangiwa kutolewa ndani ya wiki chache, maana kikichelewa kinaweza kukwaruza mshipa na kutoa damu. Tarehe ya kukitoa iandikwe kwenye karatasi, na bei ya kukitoa iulizwe siku ya kukiweka.

La pili ni mawe. Ikiwa ugonjwa ulitokana na mawe ya nyongo, kutibu kongosho na kuacha mfuko wa nyongo ni kufuta maji huku bomba likimwaga. Kwa aliyeugua kwa wepesi, mfuko huo unafaa kuondolewa kabla hajatoka hospitali. Utafiti wa mwaka 2015 wa wagonjwa 266 ulionyesha kwamba waliosubirishwa wiki kadhaa walirudi na matatizo ya mawe au kufariki kwa asilimia 17, na walioondolewa mapema kwa asilimia 5. Kwa aliyeugua vibaya kama mama wetu, madaktari husubiri kwanza maji na uvimbe vitulie. Muulizeni aliyemtibu: mfuko wa nyongo unatoka lini, na nani ataufuatilia? Huo pia huondolewa kwa matundu madogo, na Muhimbili kazi hiyo si ngeni.

Muda uliobaki ni wa maswali. Aliyekuja na karatasi za mgonjwa wake asizisome hapa mbele za watu. Tumeweka meza pembeni, karibu na mlango, na tutakaa hadi wa mwisho atakapohudumiwa.